Antena Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Kifuniko cha birika kilianza kutetemeka kabla ya alfajiri, nami nikaliondoa birika motoni ili nisikie vizuri. Hakukuwa na cha kusikia. Redio ilikuwa inavuma tu, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Kwa kawaida saa hiyo mjukuu wangu Tunza huniamkia kutoka Bondeni. "Shikamoo Bibi, umeamkaje, nakuachia." Nami humjibu marahaba, nimeamka na goti langu, wewe je na tumbo lako, nakuachia, yaani sasa ni zamu yako kusema. Lakini upepo ulikuwa umeng'oa antena yetu na kuitupa kwenye shamba la viazi la jirani, na Tunza alikuwa na mimba ya miezi michache, ya mtoto wake wa kwanza.

Niwaeleze kidogo kuhusu nchi yetu, maana huenda hamjafika. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, na ina viongozi. Milima na mito hukaa mahali pake.

Sisi tunaishi Kilele, juu ya mlima, ambako kuna zahanati na gari la wagonjwa. Tunza ameolewa Bondeni, chini ya mlima huohuo, ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya mti. Masika yaliyopita wifi yake Tunza alifia njiani akipandishwa mlima kwa machela, kwa sababu huku juu hakuna aliyejua kwamba anakuja. Gari lilikuwepo, muuguzi alikuwepo, ila habari haikuwepo. Ndipo tukachangiana, tukaanzisha chama cha redio ya ridhaa. Redio moja iko zahanati, na nyingine, ile kubwa kidogo ninayoisikiliza nikinywa chai ya asubuhi, iko kwangu, zote mbili zikitegemea antena moja. Ya mkononi anayo Bi Nyamizi, mama mkwe wake Tunza, ambaye ndiye aliyempoteza binti masika yale.

Ridhaa maana yake tunaongea bila kulipwa na bila kumuuzia mtu chochote. Jambo hili liliwasumbua sana wakubwa wa Wizara ya Hewa. Afisa mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa Bibi, kama hulipwi, unaongea nini?" Nikamwambia huwa namuuliza mjukuu wangu kama amekula. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Nadhani alinionea huruma, na mimi huruma huwa naipokea hata ikitoka kwa afisa.

*

Tulijua tunachotaka. Mwenyekiti wetu, Mzee Elifasi, aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomkatalia, alikuwa ameshasikia kutoka kwa wenzetu wa milima mingine. Tulitaka antena ya masafa mawili, ili mlingoti mmoja ufanye kazi mbili. Masafa ya chini yashuke Bondeni, masafa ya juu yaongee na gari la wagonjwa likiwa njiani. Tulitaka iliyo fupi, nyeupe, ya kusimama juu ya paa la zahanati.

Bahati nzuri, katika nchi yetu mwananchi hasumbuliwi kujichagulia vitu. Antena hukaa hewani, hewa ni mali ya Wizara, kwa hiyo iliundwa Kamati ya Kuteua Antena. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Pelegrini, Afisa Itifaki wa Wilaya, mtu msafi sana, mwenye kalamu mfukoni kwa kila rangi ya hasira ya bosi wake. Kamati ilisafiri kwenda nchi ya mbali kutazama antena. Walichagua nchi yenye ufukwe, kwa sababu, walivyotueleza, ufukweni hakuna mlima wa kumzuia mtu asiione antena vizuri. Walirudi na kofia.

Kamati ilipokutana kuamua, Wizara ilimleta mhandisi wake, binti mmoja anaitwa Yusta. Alikuja na viatu vya matope. Aliponiona nimesimama nyuma alikwenda kunitafutia kiti kabla hajasalimia meza kuu. Hilo nililiona, na wao waliliona pia.

"Waheshimiwa," Yusta akasema, "antena ndefu hubana sauti ikawa bapa kama chapati. Inakwenda mbali, lakini inakwenda moja kwa moja. Hawa wako kileleni, na watu wao wako chini ya miguu yao. Sauti itawapita watu wa Bondeni juu ya vichwa. Wapeni fupi."

Bwana Pelegrini alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa adabu.

"Mhandisi, umesoma, hilo hatulikatai," akasema. "Lakini fikiria. Mheshimiwa anakuja kupigwa picha. Unataka apigwe na kitu kifupi?"

"Nataka mwanamke mjamzito asikike."

"Na sisi tunataka asikike. Asikike kwa ndefu."

Mzee Elifasi akaninong'oneza, "Basi wawahamishie watu wa Bondeni juu zaidi." Mjumbe mmoja alimsikia, akamwomba arudie taratibu, akasema ni wazo zuri, litafanyiwa kazi awamu ijayo.

Ikapita ndefu. Tulipiga makofi. Yusta hakupiga, lakini alikuwa ameshika mkoba, kwa hiyo sikumhesabia.

*

Msije mkadhani antena ikifika inawekwa. Hapa kwetu hakuna kitu kinachoanza kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi. Ni desturi yetu, na tunaishika kuliko dini.

Bomba la maji la sokoni lilikaa limefungwa utepe tangu mavuno mpaka mavuno mengine, huku watoto wakichota maji mtoni na kupita karibu nalo, wakiwa wamefundishwa wasiliguse. Choo kipya cha shule kilizinduliwa na mkuu wa mkoa mwenyewe. Aliingia, tukasubiri, akatoka, tukapiga vigelegele. Makaburi mapya ya kata nayo yalisubiri mgeni, hata marehemu mmoja akabaki nyumbani kwake akisubiri siku ya ufunguzi, na mjane akawa anaomba radhi kwa majirani. Daraja jipya la mtoni, la kuunganisha Kilele na Bondeni, bado lina mnyororo na mlinzi. Mlinzi ni kijana mwema, huwasaidia wazee kuvuka majini pembeni ya daraja.

Basi antena yetu ililetwa ikalazwa kwenye ofisi ya kata, imefungwa nailoni. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Mavumba. Alipanga kuja, akapata ziara. Akapanga tena, akapata mafua. Mimi nilikuwa nakwenda ofisini na goti langu kuuliza.

"Bwana Pelegrini, mwanangu, mtoto hajui ratiba ya Mheshimiwa," nikamwambia siku moja.

"Bibi, naelewa. Mimi pia nina mama."

"Yeye ana redio?"

"Ana dereva."

Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake. Nilipotoka nje nilimkuta Yusta amechuchumaa kwenye kivuli, akanipa nusu ya andazi lake. Akaniuliza Tunza yuko mwezi wa ngapi. Nilipomwambia, aliacha kutafuna.

*

Siku ya uzinduzi ikafika hatimaye. Yusta alikuja asubuhi na mapema, akamweleza Bwana Pelegrini pa kuiweka. Juu ya paa la zahanati, akasema, kwenye mlingoti, mbali na bati na tangi la maji, vijiti vyake vya chini vikiwa huru, na kiungo cha waya kifungwe vizuri maji yasiingie.

"Paani haiwezekani," Bwana Pelegrini akasema. "Mheshimiwa hawezi kupanda ngazi, ana kizunguzungu cha cheo. Na akiwa chini hawezi kuangalia juu. Kofia itadondoka mbele ya wananchi."

"Asiangalie."

"Azindue kitu asichokiangalia?"

Kwa hiyo antena ilisimikwa chini, nyuma ya jukwaa, kati ya paa la bati la zahanati na tangi la maji, ili mkono wa Mheshimiwa uifikie bila kuinuka. Katikati yake walifunga kwa waya jiwe la uzinduzi, la marumaru, lenye jina la Mheshimiwa na vyeo vyake vyote, hata ile antena ikainama kidogo kama mtu aliyebeba mtungi. Redio ya zahanati ililetwa, ikawekwa kwenye meza kuu na kufunikwa kitambaa cha kudarizi. Yusta akaunganisha waya, akawasha redio, akashusha sauti kidogo. Hakumwomba mtu ruhusa.

Kisha likazuka tatizo kubwa kuliko yote. Utepe haukuja. Ulikuwa umebaki wilaya ya jirani, kwenye uzinduzi wa mzani wa nyanya. Bwana Pelegrini alitoka jasho. Uzinduzi bila kukata kitu si uzinduzi, ni mkutano. Akazunguka akitafuta, mpaka macho yake yakaangukia waya mweusi uliotoka kwenye antena kuja kwenye redio. Ulikuwa mrefu, mpya, unang'aa. Wakati Yusta amekwenda kunawa mikono, akaunyanyua, akaukaza kati ya nguzo mbili za jukwaa, akaufunga maua ya karatasi, moja huku, moja huku. Mimi nilidhani ni pambo. Alipomaliza alirudi nyuma akautazama, akatabasamu kama mtu aliyemvalisha bibi harusi.

*

Mheshimiwa Mavumba alifika na msafara wake, na mwisho wa msafara likafuata gari letu la wagonjwa, kwa sababu itifaki inataka gari la wagonjwa liandamane na mkubwa asije akaugua. Dereva wake, Manase, alisimama kando ya mlango. Muuguzi alikuwa ndani, amekatazwa kushuka.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akaanza, "itifaki imezingatiwa. Kabla ya serikali hii, nani kati yenu alikuwa na hewa?"

Tukapiga makofi kwa kuwa tulikuwa na adabu.

"Leo mna hewa, na hewa hiyo ina antena. Antena ndefu. Wapo wanaosema fupi ingetosha. Hao ni watu wenye mawazo mafupi." Makofi. "Mimi nilipokuwa masomoni, niliona antena nyingi. Zilikuwa zimesimama. Nikajiuliza, je, nchi yangu nayo itasimama lini?"

Hapo redio ikakohoa chini ya kitambaa, kando ya kipaza sauti.

Ilikuwa sauti ya Bi Nyamizi, nusu inakuja, nusu inakatika. "Kilele... Kilele... Tunza ameshikwa na uchungu tangu... mtoto anatanguliza miguu... tunampandisha kwa machela. Tupite daraja jipya au... kinu cha zamani? Nijibuni. Nakuachia."

Uwanja mzima ulisikia. Nilisimama. Goti sikulisikia.

Mheshimiwa akageuka kwa Bwana Pelegrini. "Nani ameiruhusu iongee?"

"Bado haijazinduliwa, Mheshimiwa."

"Sasa imeongeaje?"

Wakanong'onezana. Kisha Bwana Pelegrini akashika kipaza sauti, akatutuliza kwa mkono. "Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi. Kwa kuwa chombo hiki hakijazinduliwa, hicho mlichodhani mmekisikia bado hakijasikika."

Watu wengine wakatikisa kichwa kukubali. Mazoea ni kitu kizito.

Nikasogea mpaka mbele ya jukwaa. "Mheshimiwa baba," nikasema, "huyo ni mjukuu wangu. Mtoto anatanguliza miguu. Nakuomba ukate huo utepe sasa hivi, ili tuwe tumemsikia, na gari liende."

Alinitazama, na nitamsifu kwa jambo moja, aliguswa. Machozi yalimlengalenga. Alikunja hotuba yake kabla haijaisha, jambo ambalo wapambe wake walisema hawajawahi kuliona. "Kwa ajili ya huyu mama," akasema, "naruka kurasa zilizobaki."

Yusta alikuwa anarudi kutoka kunawa. Aliona mkasi. Aliona maua ya karatasi yako juu ya nini. "Huo ni waya," akasema kwa sauti kubwa. "Mheshimiwa, huo ni—"

Mkasi ulikuwa mkali. Serikali yetu hainunui mkasi butu. Waya ukakatika mara moja, ncha mbili zikadondoka kila moja na ua lake, na redio iliyokuwa inavuma ikawa kimya kama jiwe.

"Sasa inafanya kazi," Mheshimiwa akasema.

Na makofi yakapigwa, wallahi yakapigwa, na Bwana Pelegrini akafuta machozi.

*

Wakaenda kula. Hiyo nayo ni itifaki, chakula hakisubiri.

Mimi nilikwenda kwa Manase. "Mwanangu," nikamwambia, "umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Nimeagizwa nisiondoke mpaka Mheshimiwa aondoke."

"Akiugua?"

Manase akatazama kwenye turubai, ambako Mheshimiwa alikuwa anachagua paja la kuku. "Huyu haugui leo," akasema. Akapanda, akawasha gari, akaliachia literemke taratibu bila king'ora, ili asimsumbue mtu anayekula. Alinifikiria mimi na akawafikiria na wao. Sijui moyo wa namna hiyo huwa unafundishwa wapi.

Lakini gari lingekwenda wapi? Njia zinagawanyika chini ya mlima. Daraja jipya lina mnyororo, gari halipiti. Kwenye kinu cha zamani cha kusaga, penye kivuko cha mto, gari hufika, lakini Bi Nyamizi hakujua. Akimpeleka Tunza darajani, watakaa na mlinzi mwema na mnyororo, na gari liko kwingine.

Yusta alikuwa ameshafungua buti la gari lake. Akatoa bomba la plastiki la maji machafu, na ndani ya bomba akavuta antena nyeupe, fupi, na waya wake umezungushwa vizuri.

"Ndiyo ile mliyoiomba," akasema. "Nilinunua mwenyewe. Nani anashika ngazi?"

Wapishi waliacha masufuria. Mama mmoja alifungua khanga yake kiunoni, akamfunga Yusta nayo kwenye mlingoti asiteleze. Mzee Elifasi, asiyeona vizuri, alishika mguu wa ngazi akasema yeye kazi yake ni kutoona hatari. Bwana Pelegrini akatokea mdomo una mafuta.

"Mnafanya nini juu ya jengo la serikali?"

"Tunapamba, mkuu," Mzee Elifasi akamjibu.

"Pambeni vizuri. Mheshimiwa atatoka kwa upande huu." Akarudi kwenye kuku.

Yusta aliifunga antena juu kabisa, mbali na bati, akanyoosha vijiti vyake, akakaza kiungo, akakivingirisha mpira kwa meno na mkono mmoja. Waya ukashuka dirishani. Niliichukua redio kwenye meza kuu, na kitambaa chake, hakuna aliyeniuliza, nikaunganisha kama alivyonielekeza kutoka juu. Kisha nikabonyeza.

"Nyamizi. Nyamizi wa Bondeni. Ni mimi Siwatu. Nakuachia."

Ikavuma. Kisha sauti ikaja, nzima, kama amekaa kando yangu. "Dada, mbona mlinyamaza? Tuko njiapanda. Tunza ameanza kulegea."

"Usipite darajani. Nenda kinu cha zamani. Gari linakuja huko, na muuguzi yumo. Mwambie Tunza nipo, namsikiliza. Mwambie asisukume mpaka muuguzi amguse."

"Kinu cha zamani. Mmesikia? Geuzeni." Nikasikia miguu ya wanaume ikigeuka kwenye mawe. Nikasikia na sauti nyingine, ndogo, ya kuuma meno. Ile sauti sitaisahau, na nilishukuru kwamba naisikia.

Yusta akashuka, akabadilisha masafa akaongea na Manase, akamweleza. Kisha tukasubiri. Wapishi walikaa chini pamoja nami, wale wanawake, na pilau ikaanza kushika chini ya sufuria na hakuna aliyeinuka.

Manase ndiye aliyetupa habari. "Kilele, muuguzi amemgeuza kidogo kidogo. Ni mtoto wa kike. Alichelewa kulia, lakini amelia. Mama yake ametokwa na damu nyingi ila anaongea. Tunapanda. Naomba mlango wa zahanati uwe wazi. Nakuachia."

Sikuweza kubonyeza tena. Mama mwenye khanga alinibonyezea.

*

Habari ilifika kwenye turubai haraka. Mheshimiwa alisimama na kitambaa cha kujifutia bado kifuani, akatangaza kwamba hayo ni matunda ya kwanza ya antena ndefu. Akaagiza apigwe picha nayo. Akapigwa, mkono juu ya jiwe lake, ncha ya waya uliokatwa ikining'inia kando ya kiatu. Picha hiyo ipo sasa kwenye ofisi zote za Wizara.

Kisha, kama inavyotakiwa, mwananchi mmoja akaitwa kutoa neno la shukrani na kumwomba mgeni rasmi aje tena. Bwana Pelegrini akanichagua mimi. Nadhani alinichagua kwa wema, ili nipate heshima siku ya mjukuu. Akanipa kipaza sauti, akanigeuza taratibu kwa mabega nimtazame Mheshimiwa.

Nikamshukuru Mheshimiwa kwa kuruka kurasa. Hilo alilifanya kweli.

Halafu nikageuka. Yusta alikuwa amerudi juu ya ngazi, khanga ya mama wa watu kiunoni, matope mpaka magotini, anakaza kipande cha mwisho cha mpira asije mvua akatuharibia.

"Bibi," Bwana Pelegrini akaninong'oneza, "mgeni rasmi yuko huku."

"Namwona, baba," nikasema, na kipaza sauti kikalichukua neno hilo mpaka nyuma ya uwanja. "Yusta mwanangu, njoo tena. Njoo siku yoyote, hata usipoalikwa."